Urefu wa Kasiba ya Bunduki

Ninyi mnaolima mihogo na mahindi karibu na pori, mnajua taabu ya nguruwe. Kwa usiku mmoja wanachimbua kazi ya miezi mingi. Kwa sababu hiyo mtu akirudi na mshahara wa mgodini, akiisha kupata kibali, anataka bunduki, naye anauliza: Nichague kasiba ndefu ao fupi?

Kasiba ndiyo bomba la chuma ambamo marisau yanapita. Watu husema kasiba ndefu inapiga mbali. Neno hilo lina kweli kwa bunduki za kushindilia, maana baruti nyeusi inaungua polepole, nayo inataka nafasi ya kusukuma. Lakini baruti ya kartushi za siku hizi inaungua upesi, na karibu kazi yake yote inakwisha katika nusu ya kwanza ya kasiba. Tazameni bunduki mbili za kalibri 12, moja ya sentimeta 66, nyingine ya 76. Marisau yanatoka kwa mwendo wa mita 360 hivi kwa sekunde. Zile sentimeta 10 zinaongeza mita kama 10 tu. Nguruwe hatambui tofauti hiyo.

Kinachokusanya marisau ni mdomo wa kasiba, si urefu. Bunduki nyingi zimebanwa kidogo mdomoni, ili marisau yaende pamoja. Nilimwona mtu aliyechoka kunaswa na matawi, akaikata bunduki yake kwa msumeno. Mdomo uliobanwa ukaenda na kile kipande. Tangu siku ile, kwa hatua 30 marisau yalitawanyika, akajeruhi tu bila kuua. Na nguruwe dume mwenye jeraha hukurudia.

Basi kwa kulinda shamba lenye vichaka, sentimeta 66 ao 71 zinatosha: bunduki inageuka upesi, haikwami. Ile ya 76 inafaa kwa bata penye maji wazi, maana uzito wa mbele unasaidia mkono kumfuata ndege bila kuruka-ruka.

Bomba la maji lililookotwa si kasiba, hata likiwa refu namna gani. Chuma chake hakikufanywa kwa nguvu ya baruti; linapasuka usoni pa mpigaji.

Hata kasiba nzuri inapasuka ikizibwa na udongo, na ile ndefu inagusa chini upesi mtu anapopanda kutoka mtoni. Hapo fungueni bunduki, toeni kartushi, mtazame ndani mpaka mwanga uonekane upande wa pili.