Chakula cha Mgomba



Wazee walisema, "Mgomba haushindwi na mkunguwe." Lakini wewe mwenyewe umeiona mizuzu iliyoshindwa: mwaka wa kwanza mkungu mzuri; mwaka wa tatu chana chache, ndizi nyembamba, na upepo kidogo waiangusha. Mwenye shamba husema udongo umechoka, akaenda kufyeka msitu. Tazama basi mgomba ulio nyuma ya jiko lako. Huo huzaa miaka mingi, nao ni wa udongo ule ule. Sababu ni kwamba hulishwa majivu, maganda na takataka za nyumba kila siku.

MGOMBA HULA NINI?

Naitrojeni hukuza majani na shina. Ikipungua, majani hupauka na jani jipya hukawia kutoka. Fosforasi husaidia mizizi, nayo hutakiwa kidogo tu. Potasiamu ndiyo hujaza ndizi na kulitia shina nguvu. Ikipungua, majani ya zamani hugeuka manjano kuanzia nchani na kandokando, kisha hukauka upesi.

Kila tani moja ya ndizi upelekayo sokoni, yaani mikungu 50 ya kilo 20, huondoa shambani mwako yapata kilo 5 za potasiamu na kilo 2 za naitrojeni. Auzaye mikungu asirudishe kitu, auza udongo wake kidogo kidogo.

Watu wa Bukoba walilijua jambo hili tangu zamani. Kwa samadi ya ng'ombe na majani yaliyokatwa mbugani walivitia vibanja vyao rutuba ipitayo ile ya mbuga zilizo kando yake.

YAKUPASAYO KUFANYA

1. Maganda, majani makavu na mashina yaliyokatwa usiyachome. Yatandaze shambani, mbali kidogo na shina, fukusi wasipate maficho.

2. Tia samadi iliyooza, madebe mawili kwa kila shina kila mwaka.

3. Majivu yana potasiamu nyingi, lakini hayana naitrojeni, kwa kuwa moto huiondoa. Yanyunyize juu ya udongo. Usiyachanganye na samadi mbichi, maana huifukuza naitrojeni yake.

4. Ukinunua mbolea ya chumvichumvi, igawe mara mbili au tatu, wakati wa mvua. Imwage kwa duara, futi moja au mbili kutoka shinani. Mizizi ilishayo mgomba i juu juu. Usiikate kwa jembe.

5. Lisha mapema. Hesabu ya chana huamuliwa ndani ya shina kabla hujauona mkungu. Baadaye mbolea yaweza kunenepesha ndizi, lakini haiongezi chana hata moja.

Usiyasadiki haya kwa maneno tu. Chagua migomba 10 ya umri mmoja. Mitano uilishe, mitano uiache. Mikungu ikikomaa, hesabu chana zake, uipime na uzito. Ndipo uamue kama kweli wahitaji kufyeka msitu.