Mtumba na Chaguo: Vijana wa Mijini na Matumizi Yenye Kuwajibika nchini Uganda na Rwanda

Makala hii inajadili mtazamo wa vijana wa mijini kuhusu matumizi yenye kuwajibika kwa kuangalia nguo kuukuu zinazoagizwa kutoka ng'ambo. Kiswahili huziita mitumba, yaani mizigo iliyofungwa. Wanyarwanda huziita caguwa, neno lililotokana na kitenzi chagua. Jina moja linataja mzigo, la pili linataja tendo la mnunuzi, na tofauti hiyo si ndogo.

Kijana anayeinamia rundo la nguo katika soko la Owino jijini Kampala hukagua mishono, huvuta kitambaa kupima uimara wake, kisha huipeleka nguo kwa fundi cherehani ipunguzwe. Akiulizwa sababu, huenda akataja bei, au kutotaka kufanana na wenzake; mazingira asiyataje kabisa. Hojaji iliyotungwa kwa ajili ya jamii zenye ukwasi itamhesabu miongoni mwa wasiojali, ilhali anarefusha maisha ya nguo kwa miaka kadhaa.

Kasoro hiyo ya kipimo ina gharama kisera. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kusitisha mitumba hatua kwa hatua. Rwanda ilipandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 Marekani ikasimamisha unafuu wa ushuru kwa mavazi ya Rwanda chini ya AGOA. Hoja ya kulinda viwanda ina uzito, hasa kwa Uganda, ambayo sehemu kubwa ya pamba yake huuzwa nje kabla ya kufumwa. Hata hivyo, kijana asiyemudu nguo ya kiwanda cha nyumbani hugeukia nguo mpya ya poliesta ya bei nafuu, isiyodumu.

Zaidi ya hayo, mchuuzi hununua robota bila kulifungua. Zisizovalika ni hasara yake, na taka zake hubaki Kampala. Mbunifu Bobby Kolade, kupitia BUZIGAHILL, hufumua mitumba, huishona upya na kuiuza katika nchi za kaskazini ilikotoka. Msimamo wa namna hii, unaohoji nani abebe mzigo wa taka, haunaswi na swali linalouliza tu iwapo mhojiwa yu tayari kulipa zaidi kwa bidhaa isiyodhuru mazingira.