Chai ya Kuchacha na Mtungi wa Togwa

Akina mama wengi wa vijiji vya kandokando ya ziwa, tangu Magu hata Sengerema, hupita ofisini wakiuliza habari za chai ya kuchacha. Wameambiwa na ndugu zao wa mjini kwamba kuna chai itiwayo katika chupa kubwa, yenye kitu kama chapati laini kinachoelea juu, na kwamba anywaye hupona kisukari, shinikizo la damu, hata ukimwi. Habari kama hii haifai kuachwa ipite hivihivi, kwani mtu akiisadiki aweza kuacha vidonge vyake vya hospitali. Hatujasahau mwaka 2011, watu walipomiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe. Wapo walioacha dawa zao za kila siku, na ugonjwa ukawarudia kwa nguvu.

Basi tujue kwanza chai hiyo ni nini. Jina lake la kigeni ni kombucha, na asili yake ni mashariki ya Asia. Hupikwa chai ya rangi, hutiwa sukari nyingi, ikipoa huwekwa ule utando, kisha huachwa siku 7 hata 14. Watu huuita uyoga, lakini si uyoga. Ni makao ya vijidudu vya namna mbili: hamira, ambayo hula sukari na kutoa kileo, na bakteria ambazo hukigeuza kileo hicho kuwa siki. (Mfanyakazi wa kiwanda cha Mufindi au Rungwe atakuambia kuwa majani ya chai yetu nayo huchachushwa. Lakini kule ni hewa tu inayoyageuza rangi, si vijidudu.)

Je, ina faida? Ukali wake huzuia vijidudu vingi vya maradhi visiote. Kuhusu kisukari, mwaka 2023 wataalamu wa Marekani walitangaza kwamba wagonjwa walioinywa kwa wiki 4 walionekana kupungukiwa sukari katika damu. Lakini wagonjwa hao walikuwa 12 tu. Kwa watu 12 hatuwezi kuiita dawa. Kuhusu ukimwi, hakuna ushahidi kwamba huuponya.

Na hatari zake zipo. Mwaka 1995, katika jimbo la Iowa huko Marekani, wanawake wawili waliokuwa wakiinywa kila siku walizidiwa na asidi katika damu, na mmoja akafa. Haikuthibitika kuwa chai ndiyo iliyomwua, ila wakuu wa afya walitoa onyo. Ukali wake huweza pia kuyeyusha risasi iliyomo katika rangi ya vyungu vingine, kwa hiyo chombo chake ni kioo. Tena ina kileo kidogo: haifai kwa mtoto wala mama mjamzito, na mgonjwa aliyedhoofika asiiguse bila kumwuliza daktari.

Lakini mbona twaenda mbali namna hii, na huku togwa na mgando tumezaliwa navyo? Mwaka 1994 Bwana Wilbald Lorri, Mtanzania, na mwenziwe Ulf Svanberg walitangaza matokeo ya kazi yao humu nchini: watoto waliolishwa uji uliochachushwa waliharisha mara chache kuliko wenzao wa uji wa kawaida. Na kimea kina kazi nyingine ambayo mama zetu waliijua bila kufundishwa chuoni. Pika uji mzito, uache upoe uwe vuguvugu, tia kimea kidogo, koroga. Punde utaona umelegea, waweza kunyweka. Maana yake ni kwamba unga mwingi umeingia katika kikombe kidogo, na tumbo la mtoto ni dogo. Mtoto apewaye uji mwepesi wa maji tupu hushiba bila kupata chakula. Ila kimea cha mtama kisisagwe pamoja na machipukizi na mizizi yake, kwa kuwa humo mna sumu. Kikaushe vema, uvipukute kwanza.

Unga nao uwe mzima. Januari 2015, huko Chitima, Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya msibani. Wengine walisema imetiwa nyongo ya mamba. Ilipopimwa ikaonekana ni sumu ya bakteria zilizoota katika unga wa mahindi ulioharibika, na sumu hiyo haiondolewi kwa moto. Mwaka 2016, kwetu Dodoma na Manyara, watu 20 walikufa kwa sumukuvu ya mahindi. Mahindi yenye ukungu yasiende mtungini kwa kudhani uchachu utayasafisha.

Mwanza mjini nako kuna jambo la kujivunia. Tangu mwaka 2004 akina mama wa kikundi cha Tukwamuane, mtaa wa Mabatini, walitengeneza mtindi uitwao Fiti, wakisaidiwa na chuo kikuu cha Western Ontario cha Kanada na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa. Ulitiwa bakteria maalumu, na wengi walioletewa walikuwa watu wenye virusi vya ukimwi. Mwaka 2010 ilisemekana kinga yao yaongezeka. Jaribio lenye uangalifu zaidi, mwaka 2011, halikuona tofauti iliyotokana na bakteria zile. Mimi naona mtindi ule ni chakula chema, nao uliwapatia akina mama kipato, lakini haukuwa badala ya dawa.

Atakaye kugandisha maziwa nyumbani ayachemshe kwanza, maana kuganda peke yake hakuui ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe, ambao humpata binadamu kwa homa na maumivu ya viungo. Akisha kuyachemsha, ayapoze hata yawe vuguvugu, atie kijiko cha mgando mzuri wa jana, afunike. Kibuyu kioshwe kwa maji yaliyochemka, si ya ziwani moja kwa moja. Mtoto chini ya miezi 6 anyonye tu, asipewe togwa wala mgando. Aliye mkubwa akiharisha, togwa yaweza kuendelea, lakini chumvichumvi ya zahanati na vidonge vya zinki visikose, na akionekana macho yameingia ndani apelekwe siku ileile.