Kujifukiza: moto unafanya nini ndani ya mwili?

Wanafunzi wenzetu, karibu kila nyumba ya kwetu inajua kujifukiza. Mtu akishikwa na homa ao mafua, mama anachemsha majani ya mikaratusi na ya limau, sufuria inawekwa chini, mgonjwa anainama juu yake na wanamufunika blanketi. Dakika kumi tu, jasho linatiririka. Wengi wanasema: ugonjwa umetoka na jasho. Ni kweli?

Mwili unalinda joto la digrii 37. Joto la nje likizidi, mishipa ya ngozi inapanuka, moyo unapiga mbio kwa kusukuma damu mpaka kwenye ngozi, na jasho linatoka. Lakini jasho linaburudisha mwili pale tu linapokauka. Chini ya blanketi hewa imejaa mvuke, jasho halikauki, basi joto linazidi kupanda. Ndiyo maana wengine wakisimama wanasikia kizunguzungu: presha ya damu imeshuka, tena maji na chumvi vimepotea.

Watu wa Ufini wako na sauna, chumba cha mbao chenye digrii 80 mpaka 100. Utafikiri wanapikwa! Hapana, hewa yao ni kavu, jasho linakauka upesi. Mwaka 2015 waganga wa kule walitangaza uchunguzi juu ya wanaume 2315 wa upande wa Kuopio, waliofuatwa karibu miaka 20: wale wa sauna mara 4 mpaka 7 kwa juma walikufa kidogo kwa magonjwa ya moyo kuliko wale wa mara moja. Lakini pengine mwenye afya ndiye anapenda kuingia mara nyingi.

Turudi kwetu. Kwa mafua, mvuke unalainisha makamasi, na pua inafunguka kwa muda. Kwa malaria, hapana. Vijidudu vyake vinaingia kwanza katika ini, kisha katika chembe nyekundu za damu. Havitoki na jasho. Tena homa ya malaria yenyewe inapanda na kushuka. Ikishuka nyuma ya mvuke, watu wanafurahi, na mtoto anakaa nyumbani siku mbili tatu bila kupimwa damu. Siku hizo ndizo zinaua. Na wakati wa korona, mwaka 2020, wengi walijifukiza. Lakini joto la kuua kirusi ndani ya mapafu lingeunguza kwanza mapafu yenyewe.

Sasa fizika kidogo. Gramu moja ya maji inataka kalori 100 kutoka digrii 0 mpaka 100, lakini karibu 540 zingine kwa kugeuka mvuke. Mvuke ukigusa ngozi na kugeuka maji, unaacha zile 540 zote pale. Basi sufuria itoke motoni kwanza, ingoje, ikae mahali imara, na uso usiwe karibu. Kunywa maji mbele na nyuma. Mama mwenye mimba na mgonjwa wa moyo waache. Mtoto mdogo asiingizwe hata kidogo: akipiga sufuria teke, maji yote yanamumwagikia miguuni na tumboni, na blanketi inamuzuia kukimbia.