Kipimo Safi, Mgonjwa Hawezi Kusimama
Kwa familia za Musoma, Bunda na Butiama zinazoishi kando ya Ziwa Victoria, maji hayo ni riziki. Lakini konokono waliomo hueneza kichocho. Mayai ya vimelea hivyo yakifika kwenye mshipa mkuu wa fahamu, ndani ya uti wa mgongo, mgongo huuma, miguu hulegea, mkojo hufunga. Hapo vipimo huweza kupotosha: choo na mkojo visioneshe yai lolote, na eksirei huonesha mifupa, si mshipa. Wengine hurejea nyumbani wakidhani ni uchovu au uchawi. Ndugu msomaji, mweleze daktari kwamba mgonjwa huingia ziwani. Dawa ipo; ikichelewa, kupooza huweza kudumu. Kutafuta tiba ni katika Sunna ya Mtume (s.a.w.).