Kilwa, Mji Uliojengwa na Upepo

Tarehe 24 Aprili 1498, baharia Mreno Vasco da Gama aling'oa nanga Malindi akiwa na rubani aliyepewa na mfalme wa mji huo. Mei 20 alikuwa pwani ya Calicut, India. Kurudi kukawa balaa. Alitweka mwanzoni mwa Oktoba, upepo wa kaskazi haujashika, akaiona Malindi tena Januari 1499. Bahari ileile aliyoivuka kwa siku 26 ilimla miezi mitatu, na mabaharia wapatao 30 wakafa kwa kiseyeye.

Manahodha wa Bahari ya Hindi hawakusafiri hivyo. Walisubiri upepo ugeuke.

Chanzo cha pepo za msimu, kusi na kaskazi, ni bara la Asia. Nchi kavu hupata joto upesi kuliko bahari, na hupoa upesi vilevile. Joto la Asia linapopanda, kuanzia Aprili au Mei, hewa yake huinuka na ile ya baharini huvutwa kuelekea huko: ndiyo kusi. Asia ikipoa mambo hugeuka, na kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi. Katikati huja maleleji, upepo usio na msimamo.

Kaskazi hupungua nguvu kadiri inavyoelekea kusini, na hapo ndipo utajiri wa Kilwa, mji wa pwani ya kusini ya Tanzania ya leo, ulipoanzia. Jahazi kutoka Arabuni liliweza kufika Kilwa, kuuza, kununua na kurudi na kusi ya mwaka uleule. Kwenda mbele hadi Sofala, katika Msumbiji ya leo, kulikotoka dhahabu, kulihatarisha msimu mzima. Kwa hiyo dhahabu ililetwa Kilwa, na masultani wake wakaitoza ushuru. Msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliusifu mji huo kwa uzuri wake. Wafanyabiashara waliosubiri upepo walikaa miezi. Wengine walioa na kuzaa papo hapo.

Kusi hufanya kazi chini ya maji pia. Kwenye pwani ya Somalia, upepo huo husukuma maji ya juu mbali na nchi, na maji baridi ya kilindini, yenye rutuba, hupanda kulisha samaki.

Kwa mvuvi wa ngalawa, Juni na Julai, kusi inapovuma kwa nguvu, bado ni miezi migumu. Wengi huvua ndani ya miamba tu. Utabiri wa upepo na mawimbi hutolewa kila siku. Umfikie mvuvi huyo dikoni, kabla hajatweka tanga.