Bwawa la Samaki: Tuanze na Maji Kabla ya Chakula

Maombi mengi ya ufugaji wa samaki tunayopokea kutoka sharika za Ngara na Biharamulo yanafanana. Huombwa vifaranga vya sato, chakula, na fedha za kuchimba bwawa. Kuhusu maji huandikwa tu kwamba "yapo ya kutosha". Katika makala hii tunapenda kueleza kwa nini maelezo hayo hayatoshi, maana tumeona vikundi vilivyopata kila walichoomba na bado havikuvuna.

Tuanze na jambo linalotusumbua zaidi. Katika mabonde ya Ngara kamati hutuonyesha kwa fahari mfereji unaoingiza maji bwawani mchana na usiku, na mwingine unaoyatoa. Maji ni maangavu, mtu anaona hadi chini. Yanapendeza kweli, lakini kwa sato ni maji ya baridi yasiyo na chakula. Sato hukua vizuri maji yakiwa na nyuzi joto 27 hadi 30. Yakishuka chini ya 20 hula kidogo sana na huacha kuzaa. Chemchemi za vilima vinavyopita mita 1,500 kutoka usawa wa bahari hazina joto hilo. Bwawa hulipata kwa jua, na jua haliwezi kupasha maji yanayopita tu. Aidha, maji yanayotoka huondoka na mbolea ambayo akina mama wameibeba kichwani kutoka zizini. Baada ya miezi sita samaki wanakuwa bado wa kiganja, na kikundi kinalalamika kwamba kiliuziwa mbegu mbaya. Mara nyingi mbegu haina kosa. Mlango wa maji ufungwe, ufunguliwe kwa kiasi cha kufidia maji yanayopotea kwa jua na kunywewa na udongo.

Maji yakitulia na kuwekewa samadi kidogo kidogo hugeuka kijani. Kijani hicho ni mwani, mimea midogo sana ambayo sato huila bila gharama, na ambayo mchana huongeza oksijeni majini. Kipimo chake hakihitaji fedha: zamisha mkono ulionyooka hadi kiwiko. Kiganja kikipotea maji yanapokaribia kiwiko, hali ni nzuri. Ukiendelea kuviona vidole, ongeza samadi. Kiganja kikipotea mapema, maji yakiwa bado kwenye kifundo cha mkono, acha samadi na punguza chakula. Kipimo hiki hakifai maji yakiwa yamechafuliwa na tope, kwa sababu tope nalo huficha kiganja wakati mwani haupo.

Mwani ukizidi una hatari yake. Usiku hauna jua, hivyo nao huvuta oksijeni ile ile wanayoitegemea samaki, huku samadi na mabaki ya chakula yakioza chini na kuvuta nyingine. Oksijeni huwa kidogo kabisa kabla ya jua kuchomoza, hasa baada ya siku mbili tatu za mawingu. Samaki hupanda juu na kutweta, midomo wazi. Dawa ya haraka ni kufungulia maji mapya yaanguke kutoka juu ili yachanganyike na hewa, na kutolisha siku hiyo. Hapa tunakiri kosa letu: ziara zetu na wageni zilikuwa zikifika bwawani saa nne au saa tano, baada ya chai, wakati jua limekwisha kurekebisha mambo na kila bwawa linaonekana zima. Anayetaka kulijua bwawa afike saa kumi na mbili asubuhi.

Biharamulo, hasa sehemu za chini upande wa Ziwa Burigi, shida ni tofauti. Joto lipo, lakini maji ya moto hushika oksijeni kidogo kuliko ya baridi. Kati ya Juni na Agosti kina hupungua na uchafu hubaki ule ule. Pumba inayomwagwa kwa wingi ili "samaki wanenepe" huoza na kutoa amonia, ambayo ni sumu. Mvua zikianza, tope la mashambani huingia bwawani na kuzuia mwanga. Mtaro wa kukinga maji ya mvua kuzunguka bwawa ni kazi ya jembe tu.

Kuhusu asidi, sato anapenda pH kati ya 6.5 na 9. Udongo ukiwa na asidi, samadi haifanyi kazi ipasavyo hata ikiongezwa. Chokaa ya kilimo, kilo 10 hadi 20 kwa mita za mraba 100, inyunyizwe kwenye sakafu ya bwawa kabla ya kujaza maji. Afisa uvuvi au afisa ugani asaidie kupima kwanza.

Kwa wafadhili wetu, tunaomba msishangae bajeti zijazo zikiwa na chokaa, bomba lenye kifuniko na kipimajoto, na chakula kidogo kuliko zamani. Kwa kamati, kabla hamjachimba, pimeni joto la maji yanapotoka, alfajiri na saa tisa alasiri, kwa siku saba mfululizo. Andikeni namba hizo kwenye karatasi na kuiambatanisha na ombi.